Mtoto Hakubemendwa, Amekosa Vya Kujengea Mwili

Pale Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, magari yakisimama kusubiri mihuri hujitokeza watoto wenye ndoo ndogo mikononi. Ndani ya ndoo mna mayai ya kuchemsha, na pembeni kuna kachumbari na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Dereva wa lori linalokwenda Mombasa hununua mawili, matatu, akayala akiwa amesimama, kisha akaendelea na safari yake. Ni biashara halali, nasi tumekula mayai hayo mara nyingi.

Safari moja tulimfuata mmoja wa watoto hao mpaka nyumbani kwao, kwa kuwa chenji yetu ilikuwa kwa mama yake. Hapo uani tulimkuta mdogo wake, wa mwaka mmoja na miezi minane hivi, amekaa juu ya jamvi. Hachezi, halii, hageuki kutazama wageni. Miguu yake ilikuwa imevimba, uso umejaa kama wa mtoto aliyenona, na nywele zake zilikuwa nyepesi na nyekundu kama ndevu za mahindi. Mama yake alikuwa mjamzito. Tulipouliza mtoto anaumwa nini, mama alinyamaza akatazama chini. Aliyejibu ni jirani: "Huyo amebemendwa."

Hatudhani yuko msomaji wa pwani asiyelijua neno hilo. Kwa wale wa mbali tuseme tu kwamba inaaminika mtoto anayenyonya hudhoofika endapo wazazi wake watakutana kabla hajaachishwa ziwa, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, au mama akishika mimba nyingine mapema. Maziwa, inasemekana, yanaharibika, na mtoto ananyauka. Ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu Wamijikenda, utasikia neno chirwa. Nao Wadigo, kama tujuavyo, wako pande zote mbili za mpaka, hivyo imani hizo hazigongewi muhuri popote. Neno ni tofauti lakini hukumu inafanana: kuna mtu mzima aliyefanya kosa, na mara nyingi mtu huyo anakuwa mama.

Sisi tunasema wazi kwamba hukumu hiyo si ya haki. Zaidi ya hapo, inaua. Mama aliyekwisha kuhukumiwa hampeleki mtoto zahanati, kwa vile kumpeleka ni sawa na kutangaza aibu yake mbele ya foleni nzima. Atampeleka kwa mganga usiku, atapewa dawa ya kumwogeshea, na siku zitakwenda. Mtoto aliyefikia hali ile hana siku za kupoteza.

Hata hivyo, tusiwacheke wazee. Waliona jambo la kweli. Katika mwaka 1933 daktari mmoja Mwingereza aliyezaliwa Jamaika, Cicely Williams, akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubadilika nywele na ngozi. Aliwauliza akina mama wenyewe ugonjwa huo unaitwaje. Mwaka 1935 akaupeleka ulimwenguni kwa jina alilopewa na akina mama hao, kwa lugha yao ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Huku kwetu Afrika Mashariki Dakta Hugh Trowell aliwaona watoto wa namna hiyo Kenya, kisha Mulago kule Uganda, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu yake. Kwa hiyo mama wa Accra na bibi wa Horohoro, ambao hawakuwahi kuonana, waliona kitu kimoja: mimba ya pili inakuja, mtoto wa kwanza anaanguka.

Walichokosea ni sababu. Mimba haikuyaharibu maziwa. Kilichotokea ni kwamba mtoto aliachishwa ziwa ghafla, mara nyingi kwa hofu hiyo hiyo ya kumbemenda, akahamishiwa kwenye bada na chai ya rangi. Kumbe tiba ya hofu ndiyo iliyoleta ugonjwa. Mama mjamzito ambaye mimba yake haina matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha, mradi naye ale vya kutosha.

Ili kuelewa bada ilikosa nini, inabidi tushuke chini kabisa, mpaka kwenye vitu vinavyoujenga mwili wenyewe. Shuleni wengi wetu tulikariri makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Tulikariri vizuri, tukafaulu mtihani, tukarudi nyumbani kula kile kile. Pengine ni kwa sababu hatukuelezwa kwamba maneno hayo si ya mpishi tu. Yanatokana na jinsi kila kiumbe hai kilivyoundwa, kuanzia papa wa Moa hadi mchicha wa bustanini.

Jaribu hivi. Ukiunguza ugali, unabaki ukoko mweusi. Ukiunguza samaki, mweusi. Yai, maharage, jani la mgomba, vyote vikiungua vinakuwa vyeusi. Weusi huo ni kaboni, ile ile iliyomo ndani ya mkaa. Kila chenye uhai kimejengwa juu ya kaboni, kwa sababu chembe zake zina tabia ya kushikana mikono zenyewe kwa zenyewe na kushikana na nyinginezo, zikafanya minyororo mirefu na mifupi ambayo wataalamu huiita molekuli. Ukiondoa maji, ambayo katika mwili wa mtu mzima ni zaidi ya nusu ya uzito, na ukiondoa madini kama yale ya mifupa, karibu vyote vinavyobaki ni molekuli za aina nne: wanga na sukari, mafuta, protini, na zile za urithi ambazo siku hizi tunaziita vinasaba.

Wanga na sukari vina kaboni, haidrojeni na oksijeni, basi. Tofali lake ni sukari ndogo iitwayo glukosi. Muhogo umejaa matofali hayo yaliyopangwa mstari, na tumboni tunayabomoa moja moja ili tupate nguvu ya kutembea, kulima na kubeba maji. Hapa tuseme neno kidogo juu ya mkonge, kwani anayetoka Tanga kwenda Horohoro hawezi kuusahau mmea huo. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ndiyo iliyozaa mashamba yote yale. Basi, katani ile inayosokotwa kamba imejengwa kwa glukosi ile ile ya muhogo. Tofauti ni namna matofali yalivyounganishwa. Kiungo cha muhogo tumbo letu lina ufunguo wake, kiungo cha katani halina. Ndiyo maana mtu anaweza kufa njaa katikati ya shamba la mkonge, huku vijidudu vya tumboni mwa mbuzi vikiweza kuvunja nyuzi za majani na kumpatia mwenyewe shibe. Kuwa na kitu hakutoshi. Ni lazima kiwe cha namna ambayo mwili unaweza kukitumia.

Sasa tuje kwenye protini, na tunaomba msomaji avumilie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kwenye kiini cha maneno yetu. Protini ina kaboni, haidrojeni na oksijeni kama wanga, lakini ina naitrojeni pia, na mara nyingi salfa. Ile harufu ya yai viza ni ya salfa iliyotoka katika protini zake. Misuli ni protini, ngozi ni protini, nywele ni protini. Vimeng'enya vinavyovunja chakula tumboni ni protini, na vilevile askari wa mwili wanaopigana na surua na kichomi. Damu ni nyekundu kwa sababu ya protini inayobeba hewa. Matofali yake huitwa asidi amino, nayo ni ya aina 20. Kati ya hizo, aina 9 mwili wetu hauna uwezo wa kuzitengeneza. Ni lazima ziingie kwa mdomo.

Je, wanga hauwezi kugeuzwa ukawa protini? Hauwezi, kwa sababu hauna naitrojeni. Mwili wenye wanga wa ziada unaweza kuugeuza mafuta, na tunawaona watu wazima wenye vitambi vya ugali. Lakini hata mtoto ale bada sinia zima, naitrojeni ambayo haimo katika bada haitazuka tumboni. Mwili wake ukikosa hizo asidi amino huanza kubomoa misuli yake wenyewe ili kuendesha moyo na ini, kama mtu anayeng'oa milango ya nyumba kupata kuni.

Tupige hesabu. Unga wa muhogo gramu 100 una protini kama gramu 1 na nusu. Unga wa mahindi wa kiasi hicho una gramu 8 hivi. Maharage makavu yana zaidi ya gramu 20, karanga kama 25, na dagaa waliokaushwa vizuri huvuka 50. Yai moja lina gramu 6 hivi. Mtoto wa umri wa yule tuliyemkuta juu ya jamvi anahitaji kama gramu 13 kwa siku. Hata akila unga wa muhogo gramu 200, jambo ambalo tumbo lake dogo haliliwezi kirahisi, atapata gramu 3. Lile yai moja ambalo kaka yake alituuzia lilikuwa na protini ya unga wa muhogo gramu 400, karibu nusu kilo. Tulipopiga hesabu hii kwa mara ya kwanza, tulinyamaza.

Hatusemi muhogo ni adui. Muhogo umeokoa pwani hii na njaa mara nyingi, na kule Amani, milimani juu ya Muheza, wataalamu kama Storey na Nichols walitumia miaka mingi, kuanzia miaka ya 1930, kuzalisha mihogo inayovumilia magonjwa, hata kwa kuizalisha na ndugu zake wa mwituni. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka hapo hapo mwaka 1936. Ni kazi ya kujivunia. Lakini mbegu iwe bora namna gani, mzizi ni ghala la wanga. Mmea umeuweka hapo kwa ajili yake, si kwa ajili ya mtoto wetu.

Cha ajabu ni kwamba protini imo katika mmea huo huo, juu ya mzizi. Kisamvu kibichi gramu 100 kina protini kama gramu 7. Aliyekula bada kwa kisamvu cha nazi amekula mmea wote, chini na juu, na aliyekula bada kwa chai ya rangi amekula chini peke yake. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini mwangalie aliyebuni makande. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini. Protini ya maharage ina laisini tele, lakini imepungukiwa na ile yenye salfa iitwayo methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikipikwa chungu kimoja, kila kimoja kinamlipia mwenzake deni. Ndiyo sababu familia ya Mlalo au Same isiyoonja nyama mwezi mzima, ila inakula makande, inaweza kulea watoto wenye afya.

Lipo jambo jingine juu ya muhogo linaloipa protini uzito zaidi. Ndani ya muhogo, hasa ule mchungu, kuna molekuli ya sukari iliyofungiwa sumu ya sianidi. Muhogo ukipondwa, ukikunwa au ukitwangwa, kimeng'enya cha mmea wenyewe hukifungua kifungo hicho na sumu hupaa hewani. Kwa hiyo kisamvu hutwangwa vizuri kabla ya kuchemshwa, na si kwa sababu ya ulaini tu. Sumu kidogo inayobakia mwili huimudu kwa kuifunga na salfa na kuitoa kwenye mkojo. Salfa hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye protini tunazokula. Asiyekula protini anakula sumu bila kuwa na kitu cha kuifungia. Hiyo ndiyo habari ya konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla, uliopewa jina na watu wa Kwango nchini Kongo na kuandikwa mwaka 1938. Mwaka 1985 uliwapata watu wa Tarime wakati wa ukame, waliposhindia muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha. Mtwara nako umewahi kutokea. Kinga iliyojaribiwa huko Mtwara, Msumbiji na Kongo ni rahisi mno: unga wa muhogo unachanganywa na maji uwe kama kinyunga, unatandazwa mwembamba juu ya ungo au sinia, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo unapikwa siku hiyo hiyo.

Mafuta tuyapitie upesi. Gramu moja ya mafuta inatoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga, nayo ndiyo yanayojenga ukuta wa kila seli na sehemu kubwa ya ubongo. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo hiyo ni faida kubwa, kwa sababu uji ule ule uliotiwa tui la nazi au karanga zilizosagwa unambebea nguvu zaidi bila kumjaza maji. Tena vitamini A ya papai na mchicha haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Pwani yenye nazi haina sababu ya kumpa mtoto uji mweupe.

Aina ya nne, vinasaba, haitokani na sahani ya leo. Ni maandishi ambayo mtoto hurithi kwa wazazi wake wawili, yenye herufi nne tu, nayo huuelekeza mwili upange asidi amino kwa utaratibu gani. Tunayataja kwa sababu ya selimundu, ugonjwa uliopo sana katika pwani yetu. Protini inayobeba hewa katika damu ina minyororo, na mmojawapo una asidi amino 146. Katika selimundu ni moja tu iliyokosewa, ile ya sita, basi damu inapinda kama mundu, mtoto analia viungo na kuishiwa damu. Mwaka 1954 Dakta Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi kosa hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani ya malaria, na ndiyo maana limedumu zaidi huku kwenye mbu. Hapo hakuna yai wala dagaa atakayerekebisha maandishi, ila ziko dawa na kliniki za kumsaidia mtoto aishi. Na huyu naye, kabla hajapimwa damu, mara nyingi utasikia mama yake ananyooshewa kidole. Kumbe ili mtoto augue selimundu baba na mama wamechangia sawasawa.

Turudi kwa mtoto wa Horohoro. Haitakuwa haki tukimwachia msomaji afikiri kwamba ugonjwa ule ni protini tu na kwisha. Wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa mapacha nchini Malawi. Mapacha wa nyumba moja, chungu kimoja, mmoja anavimba na mwenzake havimbi. Waliwaona vijidudu vya tumboni vikiwa na mkono katika jambo hilo. Kuhara, surua na minyoo navyo vinamsukuma mtoto aliyekwisha kuyumba. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wataalamu hao aliyeandika kwamba alikuta chanzo ni tendo la wazazi usiku.

Kwa sababu hiyo tunatoa onyo, na tunaomba lisomwe kwa sauti hata kwa wasiojua kusoma. Mtoto aliyekwisha kuvimba asirundikiwe mayai na nyama nyumbani ili "kumrudishia protini". Ini na figo zake zimechoka, na chakula kizito kwa ghafla kinaweza kumuua. Hospitalini huanza na maziwa maalumu yenye protini kidogo kwa makusudi, na dawa za kuua vijidudu, ndipo polepole anapewa vya kumjenga, kama ile lishe ya karanga, maziwa, mafuta na sukari. Namna ya kumtambua ni hii: bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, uhesabu mpaka tatu, uachie. Kishimo kikibaki, ondoka naye siku hiyo hiyo. Mizani isikudanganye, kwani maji yaliyomjaa yana uzito. Kwa asiyevimba, wa miezi 6 hadi 59, utepe wa mkono unatosha: chini ya sentimeta 11.5 ni hatari, na kati ya hapo na 12.5 ni dalili ya kuwahi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, wakati mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34. Tunakwenda mbele, lakini mwendo ni wa kobe. Waliodumaa hawavimbi, hivyo hakuna anayesema wamebemendwa. Husemwa tu kuwa ni wafupi wa ukoo.

Tuna neno pia kwa akina baba, kwa sababu mara nyingi mazungumzo haya hufanywa na akina mama chini ya mwembe huku baba yuko barabarani. Tangu barabara ya kilometa 65 kutoka Tanga ilipowekwa lami, Horohoro imepata fedha ambazo zamani haikuwa nazo. Machungwa ya Muheza yanapita, mbuzi wanapita, na dagaa nao wanapita kwa magunia. Tunashuhudia kinachopita na kinachobaki. Baba anayeuza kuku watano akarudi na soda na biskuti kwa watoto amefurahisha nyumba kwa nusu saa. Soda ni glukosi na ndugu zake, biskuti ni wanga. Amebadilisha naitrojeni kwa sukari, na hakuna aliyemwambia kwamba amembemenda mtoto.

Siku ile tuliyafungua maneno haya pale uani, kwa ufupi zaidi na pengine kwa ukali usio wa lazima. Mama mkwe wa yule mama, bibi mtu mzima ambaye tulikuwa tumemwamkia na akatuitikia vizuri, alitusikiliza mpaka mwisho huku akipeta unga. Kisha akasema: "Wanangu, mmesema vyema. Lakini hayo mayai ndiyo unga wetu. Tukila yai, jioni tunapika nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na tunaandika hapa ili isidhaniwe kwamba tulikuwa nalo. Tungekuwa waongo kumwambia asiuze mayai. Tulimuuliza kama wanalima kunde. Akasema kunde zipo, tena msimu ule zilikuwa nyingi, ila mtoto mdogo hapewi kunde kwa vile zinamjaza tumbo. Tukazungumza juu ya hilo kuliko mengine yote: kuziloweka usiku kucha, kumwaga maji yake, kuyafikicha maganda yatoke, kuzikausha na kuzisaga pamoja na mahindi, au kuzipika mpaka ziwe rojo na kuzichanganya kwenye uji pamoja na tui. Na dagaa: kuondoa vichwa na mchanga, kuwakaanga wakavu, kuwatwanga, kijiko kimoja kila mlo. Bibi aliuliza kijiko cha chai au cha mezani. Tukasema cha mezani kisichojaa.

Mtoto alipelekwa hospitali jioni ile kwa gari la mizigo lililokuwa likirudi Tanga. Mama alimbeba mwenyewe. Bibi ndiye aliyeingia ndani kuchukua kanga ya pili na nauli, na alipotoka akamwambia yule jirani, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akae na huyu mkubwa na ndoo yake mpaka watakaporudi.